Mbio za Makasia za Pwani Zianzie Jipe

Mchezo wa bahari ukitajwa katika kaunti za Pwani, Taita Taveta huachwa nje bila hata kujadiliwa. Kaunti hiyo imo katika Jumuiya ya Kaunti za Pwani pamoja na Mombasa, Kwale, Kilifi, Tana River na Lamu, na shule zake hushindana chini ya mkoa wa Pwani, lakini haina hata shubiri moja ya bahari. Kwa hiyo mtu wa Njukini, kule kaskazini mwa Taveta ambako maji ni ya chemchemi na ya mfereji, akisikia kwamba mbio fupi za makasia za ufukweni zitaingia Olimpiki kwa mara ya kwanza Los Angeles 2028, huipokea habari hiyo kama shughuli ya wenye bahari yao. Mimi naona kinyume. Pwani ikitaka kutoa wapiga makasia wa kiwango cha Afrika, tamasha la siku moja Nyali au Diani halitawatoa. Watatoka katika mfululizo wa raundi uliopangwa kwa ngazi za maji, kuanzia maji tulivu hadi maji ya mawimbi, na ngazi ya kwanza ya mfululizo huo iko Ziwa Jipe. Taita Taveta ikiachwa nje, Pwani yote itakuwa imejinyima darasa la mwanzo.

Kwanza mchezo wenyewe ueleweke, maana wengi wanauchanganya na yale makasia ya televisheni, mashua nyembamba zikiteleza mita 2,000 kwenye maji yaliyogawanywa kwa mistari ya maboya. Mbio za ufukweni ni mchezo mchanga. Shirikisho la makasia duniani, World Rowing, liliandaa fainali zake za kwanza za dunia za mbio hizi mwaka 2019 mjini Shenzhen, China. Baadaye zikapigwa Oeiras nchini Ureno, Saundersfoot nchini Wales, kisha Barletta na Genoa nchini Italia. Wanaoshindana hutoka wawili wawili, kila mmoja na njia yake. Wanaanzia kwenye mchanga, wanakimbia mita 10 hadi 50 kutegemea ufukwe ulivyo, wanaparamia mashua zinazoshikiliwa na wasaidizi majini, kisha wanavuta mita 250 kwenda nje wakipinda kupita maboya. Boya la mwisho wanalizunguka, wanarudi mita 250 moja kwa moja, wanaruka chini na kukimbia hadi mstari wa mwisho. Mbio nzima ni kama dakika tatu. Mashua ya mtu mmoja haizidi urefu wa mita 6 na uzito wake haupungui kilo 35. Ya watu wawili haizidi mita 7.5 na haipungui kilo 60. Ni pana kuliko zile za mtoni, na nyuma ziko wazi ili maji yanayoingia yatoke yenyewe. Los Angeles kutakuwa na mashindano matatu: mwanamume peke yake, mwanamke peke yake, na mwanamume na mwanamke katika mashua moja.

Kenya ni nchi ya wakimbiaji, na hapo ndipo kosa la kwanza la hesabu huzaliwa. Utasikia mtu akisema kwamba mchezo unaoanza na kuisha kwa kukimbia tumeumbiwa sisi. Zitazame sekunde kumi za mwanzo kwa karibu. Mkimbiaji anafika maji yakiwa magotini. Anatia mguu mmoja ndani, anakalia kigoda kinachoteleza, anashika mipini miwili kwa pamoja, na kasia la kwanza lazima liwe fupi, kwa sababu akivuta kwa nguvu zake zote kabla mashua haijapata mwendo, omo itageuka upande. Wimbi likimkuta mashua ikiwa imelala ubavu, mwenzake ameshafika boya la kwanza. Halafu kule mwisho anatakiwa kuizungusha mashua nyuzi 180: kasia moja linazuia maji, lingine linavuta, na upepo unamsukuma nje ya njia yake. Mpiga makasia hukaa akiipa mgongo njia anayoiendea, hivyo kila boya analitafuta kwa kugeuza shingo huku mikono ikiendelea na kazi. Sekunde mbili alizozipata mchangani kwa mbio za miguu hupotea zote katika kona moja mbaya. Anayeshinda ni yule aliyeparamia mashua mara mia kadhaa na kuzunguka boya mara mia kadhaa, mara nyingi kadiri awezavyo akiwa na mpinzani ubavuni.

Sasa pima tamasha la siku moja kwa kipimo hicho. Tuseme washindani 16 wamefika Nyali. Kwanza kila mmoja anapigiwa saa ili wapangwe, kisha unaanza mtoano. Wanane wanatoka katika duru ya kwanza, na kila mmoja wao ameshindana mara mbili tu kwa mwaka mzima. Wanne wengine wanaondoka baada ya mbio tatu. Wawili wanaofika fainali ndio wanaopata mbio tano, na kwa kawaida hao ni wale ambao tayari walikuwa na mashua na kocha. Mtoano hukatia njiani walewale wanaohitaji mbio zaidi. Ukipiga raundi nne kwa mwaka, hata aliye dhaifu kuliko wote anapata mbio nane. Ukiongeza kwamba walioshindwa katika kila duru waendelee kupambana wao kwa wao kugombea nafasi ya 3 hadi ya 16, kila mmoja anaondoka na mbio tano kwa raundi, yaani 20 kwa mwaka, bila kununua hata kasia moja la ziada. Hakuna fedha yoyote ya mazoezi inayonunua uzoefu kwa bei rahisi kuliko hiyo. Ndiyo sababu nasema mfululizo, na alama zikusanywe kutoka raundi tatu bora kati ya nne, ili mtoto aliyekosa nauli mara moja au aliyeugua malaria asiondolewe kabisa kwenye hesabu.

Lakini raundi nne kwenye maji ya aina moja ni nusu ya faida. Pwani ya Kenya imejaaliwa ngazi ambazo nchi nyingi hazina. Sehemu kubwa ya ufukwe wa kusini, kuanzia Diani hadi Nyali, iko nyuma ya mwamba wa matumbawe unaovunja mawimbi kabla hayajafika nchi kavu, hivyo maji ya ndani ni kama bwawa lenye upepo. Ghuba ya Malindi ni habari nyingine: mto Sabaki unamwaga tope lake karibu hapo, kinga ya mwamba imekatika, na wakati wa kusi mawimbi yanaingia hadi mchangani kwa nguvu ya kumpindua mtu. Anayejifunza kuparamia mashua Malindi mwezi Julai atajifunza hofu kabla ya kujifunza makasia. Na yule aliyeshindana Diani peke yake atashangaa siku akipelekwa ufukwe wa bahari wazi, kama ule wa Saly nchini Senegal uliopangiwa makasia katika Michezo ya Olimpiki ya Vijana ya Dakar 2026. Mpangilio unaofaa unajitokeza wenyewe: maji yasiyo na wimbi kwa kujifunza kuingia na kugeuka, maji ya nyuma ya mwamba kwa kuongeza upepo na mkondo, kisha maji wazi kwa fainali. Ngazi ya kwanza haiko baharini. Hata Tudor, ambako wapiga makasia wa Mombasa hufanyia mazoezi, ni mkono wa bahari unaojaa na kupwa mara mbili kwa siku, na mkondo wake una nguvu.

Kujaa na kupwa huko ndiko kutakakoamua kalenda, na hapa waandaaji wa bara hukosea sana wanapopanga shughuli za Pwani kwa kuangalia wikendi pekee. Wakati wa bamvua, tofauti ya maji kujaa na maji kupwa Mombasa hukaribia mita 4; wakati wa maji mafu hushuka hadi karibu mita 1. Chukua ufukwe unaoteremka mita 1 kwa kila mita 30. Maji yakipungua mita 3 kati ya asubuhi na adhuhuri, ukingo wa maji umerudi nyuma mita 90. Mshindani wa saa mbili asubuhi alikimbia mita 30. Wa saa sita atakimbia mita 120, tena juu ya mwani na mawe ya matumbawe. Hilo limeshakuwa shindano lingine. Mvuvi yeyote wa Gazi au Shela angekuambia bure kwamba raundi za baharini zipangwe siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu. Angekuambia pia habari ya upepo: kusi lina nguvu kuanzia Mei hadi Septemba, kaskazi linashika Desemba hadi Machi, na kati yake kuna tangambili ambapo bahari hutulia. Ukilinganisha na likizo za shule za Kenya, unapata Jipe mwezi Novemba, Diani mwezi Desemba asubuhi na mapema kabla kaskazi halijaamka, Nyali mwezi Aprili katika tangambili mvua ikiruhusu, na fainali Malindi mwezi Agosti, ambayo ni ya waliokomaa tu na ambayo mawimbi yake ndiyo sababu ya kwenda huko.

Mtu wa Njukini ataniuliza mbona nampeleka Jipe, kusini kabisa mwa mji wa Taveta, wakati Ziwa Chala liko mlangoni pake. Jibu ni kwamba Chala halifai, na ni vizuri kulisema wazi kabla mwanasiasa hajaahidi. Chala ni shimo la volkano. Maji yake ni safi na yana kina cha zaidi ya mita 90, lakini kingo zake ni genge tupu pande zote. Hakuna ufukwe wa kukimbilia wala njia ya kuteremshia mashua ya mita 6. Tena mwaka 2002 mamba alimuua kijana wa Kiingereza aliyekuwa akiogelea humo. Jipe ni kinyume chake: ni ziwa pana la kilomita za mraba zipatazo 30, kina chake kwa sehemu kubwa hakifiki mita 3, lina ukingo wa chini, na wavuvi wa Mkwajoni hushusha mitumbwi yao hapo kila siku. Lina matatizo yake, tena makubwa. Matete na mafunjo yamemeza ukingo mwingi, udongo unaoletwa na mto Lumi unalijaza, viboko na mamba wamo, na upande mmoja linapakana na Hifadhi ya Tsavo Magharibi. Basi sharti la kwanza ni kufungua njia ya maji ya mita 300 kwa mita 60 mbele ya gati la wavuvi, kwa idhini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori. Sharti la pili ni mashua mbili za injini zenye walinzi kuwapo majini muda wote. Sharti la tatu, mbio zisipigwe alfajiri wala jioni wakati viboko wanatoka na kurudi. Yasipotimizwa, raundi ya Jipe isifanyike mwaka huo, na watoto wa Taveta wapelekwe Tudor siku za maji mafu. Njia ile ikifunguliwa, wa kwanza kufaidika ni wavuvi, ambao kwa miaka mingi wamekuwa wakipasua matete kwa mapanga ili wafike kwenye nyavu zao.

Pingamizi la kwanza ninalolitarajia ni la watu wa Mombasa: mchezo huu unaitwa wa pwani, kanuni zake zimeandikwa kwa ajili ya bahari, na ziwa halimfundishi mtu wimbi. Hilo la wimbi ni kweli, ndiyo maana sijapendekeza fainali Jipe. Lakini kanuni zinataka ufukwe, njia mbili na maboya. Haziulizi kama maji yana chumvi. Na wimbi ni somo la tatu. La kwanza ni kuingia, la pili ni kugeuka, na hayo mtu huyajifunza haraka zaidi pale ambapo akikosea analowa tu. Uganda haina bahari kabisa, lakini Kathleen Noble, mzaliwa wa Kampala, aliiwakilisha katika makasia ya Olimpiki Tokyo na tena Paris 2024. Mafunzo yake mengi aliyapata Marekani, kwa hiyo simtumii kama ushahidi kwamba ziwa peke yake linatosha. Ninamtumia kuonyesha kwamba katika Afrika Mashariki umbali wa mtu na bahari haujawahi kuwa ndio unaomzuia. Kinachomzuia ni kukosa mashua na kukosa mbio.

Mashua ndizo pingamizi la pili, na ni zito kuliko la kwanza. Mashua moja ya mashindano hugharimu maelfu ya yuro, na hakuna shule ya Taveta wala ya Garsen itakayoinunua. Hata hivyo mbio za ufukweni zina faida ambayo makasia ya mita 2,000 hayana: mwandaaji ndiye huleta mashua, na washindani wote hutumia zilezile. Mpinzani wako wa duru hii ataketi kwenye kigoda ulichokiacha wewe. Kwa hiyo mkoa mzima unahitaji kundi moja tu, tuseme mashua sita za mtu mmoja na nne za watu wawili, linalosafiri kwa lori kutoka raundi hadi raundi. Watu wawili wanaibeba mashua ya kilo 35 bila mashine. Barabara ya Voi hadi Taveta, kama kilomita 110, sasa ni lami, na lori lililopakia Mombasa usiku linafika Taveta kabla ya jua kuwa kali. Kati ya raundi, mashua zisirudi ghala la mjini. Zikae wiki tatu katika kaunti inayofuata ili shule zake zizifanyie mazoezi kwa zamu. Wakulima wa Njukini hawahitaji kufundishwa utaratibu huo, maana ndivyo wanavyogawana maji ya mfereji: kila mmoja ana siku na saa yake, kamati inasimamia, na anayeziba mfereji wa mwenzake anatozwa faini. Mashua za mkoa ziendeshwe vivyo hivyo, na ratiba ya zamu ibandikwe hadharani, kwa sababu mali ya wote isiyo na ratiba huishia kuwa ya aliye karibu na ufunguo.

Kundi hilo la kwanza litalazimika kuagizwa, au kuombwa kupitia mipango ya maendeleo ya World Rowing. La pili lijengwe hapa. Vipimo vya mashua hizi vimewekwa kama mipaka ya urefu na uzito, siyo kama mali ya kiwanda kimoja, na mafundi wa Lamu na Mombasa tayari wanajenga na kutengeneza boti za faibaglasi kwa ajili ya wavuvi na hoteli. Mashua ya mazoezi iliyozidi uzito kwa kilo 8 haimdhuru anayejifunza, mradi mashua za mashindano ziwe sawa kwa wote. Vigoda vinavyoteleza na makasia yenyewe ni kazi ngumu zaidi, na hivyo nadhani vitaendelea kutoka nje kwa muda. Ujenzi huo usiharakishwe kwa sababu ya fahari. Fundi apewe mashua moja iliyoharibika aitengeneze kwanza. Akiifahamu vizuri, ndipo apewe kazi ya kujenga mpya.

Pingamizi la tatu linatoka kwa wapenzi wa michezo ya asili. Lamu ina mashindano ya mashua za tanga na mbio za kuogelea, Zanzibar ina resi za ngalawa, na kila kijiji cha wavuvi kina vijana wanaoshindana kwa mitumbwi. Kwa nini tuagize mchezo kutoka Ulaya? Sioni ugomvi hapo, ila naona tofauti ambayo lazima ielezwe. Anayetumia kafi anatazama mbele na kulishika kwa mikono miwili bila kuliegemeza popote. Anayevuta makasia mawili anatazama nyuma na nguvu yake inatoka miguuni. Bingwa wa mtumbwi hahamii mchezo wa pili kwa wiki moja. Anachohamia nacho ni usomaji wa maji, na zaidi ya hapo, kazi ya kushika mashua. Wasaidizi wanaosimama majini ndio wanaoamua kama omo itatazama baharini pale mkimbiaji anapofika, na hakuna kocha wa mjini anayejua kusimama dhidi ya wimbi kuliko mvuvi. Wavuvi waajiriwe kwa kazi hiyo, walipwe, na resi yao ya mitumbwi ipigwe siku hiyohiyo kwa zawadi ya maana. Umati wa watu utakuja kwa ajili yao kabla haujaja kwa ajili ya mchezo mpya.

Kuna funzo pia kutoka ng’ambo ya pili ya mpaka. Kanda ya Ziwa ya Tanzania iliwahi kuwa na mashindano ya mbio za mitumbwi yaliyobeba jina la bia ya Balimi: hatua za awali katika vituo mbalimbali vya kanda, kisha fainali Mwanza, kwa wanaume na kwa wanawake. Muundo ule ulikuwa sahihi. Ulimpa mpiga kafi wa kisiwani sababu ya kufanya mazoezi mwaka mzima na ukampa mji wa Mwanza fainali yenye maana. Udhaifu wake ulikuwa pale jina lilipo: shindano lililobeba jina la bidhaa huishi kwa bajeti ya matangazo ya bidhaa hiyo. Mfululizo wa Pwani uchukue umbo lile na uache utegemezi ule. Mdhamini akaribishwe kwenye fulana na mabango, lakini jina, kalenda na mashua viwe mali ya chama cha makasia na kaunti sita, kwa mkataba ulioandikwa.

Hapo ndipo linapokuja pingamizi ambalo kwa Taita Taveta ndilo la haki kuliko yote. Kaunti ambayo ndovu wanavunja mashamba yake na ambayo vijiji vyake vingi bado vinatafuta maji ya kunywa, ina biashara gani na makasia? Sitajibu kwa kuahidi watalii, kwa sababu ahadi hiyo imetolewa kwa kila mradi na imechosha. Wala sitajibu kwa kuahidi medali. Matukio makubwa hayategemeki: jimbo la Victoria nchini Australia lilipanga kuingiza makasia ya baharini katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya 2026, likajitoa kabisa Julai 2023, na michezo ilipohamishiwa Glasgow ikapunguzwa hadi aina 10, makasia yakiachwa nje. Aliyekuwa amejenga mpango wake juu ya Victoria alibaki mikono mitupu. Jibu langu ni dogo zaidi. Mfululizo huu haudai uwanja, wala mfereji wa mita 2,000, wala jengo la watazamaji. Unadai lori, mafuta, posho za wavuvi na waamuzi, na chakula cha wanafunzi kwa wikendi nne. Kaunti inayotenga fedha za kombe la gavana la kandanda kila mwaka inaweza kubeba sehemu yake moja kati ya sita. Isipoweza, ichangie njia ya maji Jipe peke yake, kwa sababu hiyo inabaki na wavuvi hata makasia yakifa.

Nimeacha kwa makusudi suala la usalama hadi hapa ili lisionekane kama tanbihi. Watoto wengi wa Taveta hawajui kuogelea, na hata Mombasa yenyewe wapo wengi wanaoishi umbali wa kutupa jiwe kutoka baharini bila kujua. Mashua hizi zinapinduka; kupinduka ni sehemu ya kujifunza. Kwa hiyo mtu asiruhusiwe kushika kasia kabla hajaogelea mita 50 akiwa na nguo zake na kukaa majini dakika chache bila kushika kitu, na jaketi okozi livaliwe na kila anayejifunza bila kujali anajiona hodari kiasi gani. Sharti hilo litapunguza idadi ya washiriki mwaka wa kwanza, na waandaaji watashawishika kulilegeza ili picha zipendeze. Wasililegeze. Mtoto mmoja akizama, mchezo utakuwa umekufa katika kaunti zote sita, na utastahili kufa. Ukilishika, kwa upande mwingine, raundi ya Jipe inageuka kuwa sababu ya shule kufundisha kuogelea mahali ambapo hakuna sababu nyingine iliyowahi kutosha.

Wasichana nao wasisubiri mwaka wa pili. Mashindano mawili kati ya matatu ya Los Angeles hayawezekani bila mwanamke ndani ya mashua, kwa hiyo klabu ya wavulana pekee imejitoa katika theluthi mbili za mchezo. Njia nyepesi ya kulihakikisha hilo ni alama: ushindi wa msichana uwe na alama sawa na wa mvulana, mashua ya mchanganyiko iwe na alama mara mbili, na kombe la klabu litolewe kwa jumla. Kocha anayetaka kombe atawatafuta wasichana mwenyewe, bila kuhubiriwa. Wala si kwamba Pwani haina mfano. Asiya Sururu, mwanamke wa Mombasa aliyepoteza miguu yote miwili katika ajali ya treni akiwa mtoto, alifika Paralimpiki ya Tokyo na kuwa Mkenya wa kwanza wa kike kushindana katika makasia huko. Alifika kupitia mashindano ya kufuzu ya Afrika yaliyofanyika Tunis mwaka 2019, baada ya mazoezi ya Tudor, bila mfululizo wowote wa nyumbani wa kumpa wapinzani. Kipaji kipo. Kilichokosekana ni mtu wa kushindana naye Jumamosi inayofuata.

Hilo ndilo nitakalolitumia kuupima mpango wowote utakaotangazwa. Wenzetu barani Afrika hawatatungoja: Michezo ya Ufukweni ya Afrika imeshafanyika Sal, Cape Verde, mwaka 2019 na Hammamet, Tunisia, mwaka 2023, na Watunisia wana pwani, klabu na miaka ya kuwatangulia wote. Hatutawakuta kwa kununua mashua nzuri kuliko zao. Tutawakaribia tukiwa na vijana mia moja wenye mbio 20 kila mmoja kwa mwaka, kutoka kaunti sita, waliopitia maji matatu tofauti. Basi waandaaji wakija na mabango na jina la mgeni rasmi, waulizwe maswali matatu. Aliyeshindwa katika duru ya kwanza atapata mbio ngapi kabla ya mwaka kwisha? Tarehe zimepangwa kwa kalenda ya maji mafu au kwa ratiba ya mgeni rasmi? Na mwanafunzi wa Njukini ambaye hajawahi kuiona bahari, ataanzia wapi? Mpango usio na jibu la swali la tatu utaishia kuwa mali ya klabu mbili tatu za Mombasa, nazo zitakosa wapinzani na kudumaa.